Mwongozo Kamili wa Kufunga Tangi la Mafuta la Alumini Ndani ya Boti na Kulilinda Lisitoboke

Nimeitwa mara nyingi kufungua sakafu za boti za abiria zinazokwenda baina ya Mokowe, mji wa Lamu na Shela, na malalamiko huwa yale yale: tangi la alumini, ambalo halijatimiza hata miaka minne tangu lifungwe, limeanza kuvuja petroli ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti panapokusanyika maji. Mwenye boti huilaumu alumini, na fundi aliyelifunga huilaumu chumvi. Tangi likitolewa, upande wa juu na ubavu uliokaa wazi huwa mzima kabisa, na tundu huonekana chini, pale lilipolala juu ya kipande cha zulia, gunia, au mpira wa tyubu ya gari uliowekwa kwa nia njema ili tangi lisigongegonge.

Sababu yake ni hii. Alumini hujikinga yenyewe kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudi mara moja, maadamu hewa inafika. Maji ya bahari yakirukia tangi kisha yakatiririka na kukauka, hayalidhuru sana. Maji hayo hayo yakinaswa na zulia yakashikamana na bati kwa miezi, hewa haifiki, utando haujirudi, na chumvi huendelea kuchimba vishimo vidogo mpaka itokeze upande wa pili. Unga mweupe unaouona pembeni mwa zulia ndio alumini yenyewe iliyokwisha kuliwa. Hatua zote zinazofuata zinatafuta mambo matatu: tangi likauke, lipate hewa pande zote, na lisigusane na metali nyingine wala kitu kinachonywa maji.

Mwongozo huu unahusu boti ya faiba au ya mbao yenye injini ya petroli ya kupachika nyuma na tangi la lita 100 hadi 150 chini ya sitaha. Mwenye injini ya dizeli anaweza kuufuata pia, kwa kuwa tabia ya alumini haibadiliki.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la alumini ya aina ya 5052 au 5083, lenye unene wa milimita 3 au zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba ya bati. Mabati ya mapaa na vipande vya vyuma chakavu visitumike.
- Mikanda ya plastiki ngumu isiyonywa maji au ya faiba, upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 6 hadi 10.
- Gundi ya poliyurethani ya vyombo vya baharini.
- Praima ya epoksi ya alumini na rangi ya epoksi, thina, msasa namba 80 na 120, na vitambaa safi.
- Hosi ya kujazia yenye upana wa ndani wa milimita 38, hosi ya kupumulia ya milimita 16, na hosi ya kupeleka mafuta kwenye injini. Zote ziwe zimetengenezwa kwa mafuta na kwa chombo cha baharini.
- Klipu za stenlesi, nane kwa uchache.
- Kichujio cha kutenga maji, cha maikroni 10.
- Vali ya kuzuia mafuta yasijivute yenyewe, waya wa ardhi wa kijani, na mita ya umeme.
- Mpira mwangavu wa mita 5 na pampu ya baiskeli, kwa ajili ya jaribio la kuvuja.

Hosi ya kumwagilia maji bustanini haifai kwa kazi yoyote hapa. Petroli huilainisha, nayo huchanika siku ambayo boti iko katikati ya mkondo na abiria.

Tahadhari kabla ya kugusa tangi la zamani

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kujaa ngamani, mahali ambapo upepo hauufikii na macho hayauoni. Ondoa betri kwanza, kisha fungua sitaha yote na uache boti wazi kwa saa kadhaa kabla ya kutumia kifaa chochote cha umeme. Sigara, jiko na simu viwekwe mbali.

Tangi lililowahi kubeba petroli lisichomelewe, hata kama limekaa tupu kwa mwaka mzima. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja hulilipua. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu bado wapo mafundi wanaokubali kuziba tundu la tangi kuukuu kwa kuwa mteja ana haraka.

Hatua ya 1: Kulikagua tangi jipya lingali gerejini

Tangi lenye kasoro ni rahisi kulirudisha kabla halijapakwa rangi. Tazama pembe zake: zilizokunjwa ni bora kuliko zilizochomelewa, kwa kuwa mahali pa kuchomelea ndipo pa kwanza kupasuka boti inapopigwa na mawimbi. Ndani kuwe na mabamba ya kuvunja mawimbi, yasiyoachana kwa zaidi ya sentimita 75, nayo yawe yamekatwa pembe ili mafuta na hewa vipite. Lita 120 za petroli zina uzito wa karibu kilo 90, na uzito huo ukiachwa ukimbie huku na huko wakati wa kusi, utalipasua tangi na pia utaiyumbisha boti.

Matundu yote ya petroli yawe juu ya tangi. Bomba la kutolea lililo chini ni rahisi kwa fundi, lakini likilegea, tangi zima humwagika ngamani. Bomba la ndani la kuvutia mafuta liishie sentimita 2 hivi juu ya sakafu ya tangi, ili maji na uchafu uliotulia usivutwe kwenye injini.

Viungio vinavyoingia kwenye tangi viwe vya alumini au vya stenlesi. Kiungio cha shaba kilichofungwa moja kwa moja kwenye alumini ni betri ndogo: maji ya chumvi yakiviunganisha, alumini ndiyo inayoliwa. Vali nyingi madukani ni za shaba, kwa hiyo weka kiungio cha stenlesi baina ya vali na tangi. Katika hesi, yaani mizunguko ya kukazia viungio, tumia gundi isiyoyeyushwa na petroli. Utepe mweupe wa mafundi bomba huchanika nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo huziba njia ya mafuta.

Hatua ya 2: Jaribio la kuvuja

Wengi hutumia kompresa ya kujazia magurudumu, na wengi huishia na tangi lililovimba tumbo. Shinikizo linalohitajika ni dogo mno, takriban baa 0.2, na geji ya magurudumu haiwezi kulisoma. Tumia maji badala yake. Kunja mpira mwangavu uwe na miguu miwili iliyosimama, kila mmoja wenye kimo cha mita 2.4 hivi, kisha utie maji mpaka nusu ya kimo. Unganisha mguu mmoja na tangi, ziba matundu mengine yote isipokuwa la pampu ya baiskeli, na upige pampu polepole. Maji yatashuka mguu mmoja na kupanda mwingine; tofauti ya mita 2 baina yao ndiyo baa 0.2. Ukizidisha, maji yatamwagika kileleni, nawe utajua usimame.

Fanya hivi kivulini. Joto la hewa iliyo ndani likipanda kwa nyuzi moja tu, maji husogea karibu sentimita 4, na jua la saa nne asubuhi linaweza kukudanganya kwamba tangi halivuji hali linavuja. Paka maji ya sabuni kila mahali palipochomelewa na kila kiungio, utazame mapovu.

Jaribio limefaulu ikiwa maji hayakushuka kwa nusu saa na hakuna povu lililotokea. Suuza sabuni yote kwa maji matamu.

Hatua ya 3: Kupaka rangi, au kuacha bila rangi

Hapa mafundi hutofautiana, nami nina msimamo wangu. Tangi linalokaa wazi, linalopata hewa na kufikiwa kwa mkono pande zote, linaweza kubaki bila rangi kwa miaka mingi. Rangi iliyopakwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa rangi, kwa sababu maji huingia chini ya malengelenge yake na kubaki pale, na hivyo tunarudi kwenye habari ya zulia. Lakini tangi lililo chini ya sitaha ya boti ya abiria hulifikii kila siku, kwa hiyo kwa tangi la namna hiyo nashauri epoksi, mradi ipakwe kwa utaratibu.

Futa mafuta kwa thina, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Sugua kwa msasa namba 80 kisha 120 mpaka mng'ao wote uondoke. Usitumie brashi ya waya wa chuma, kwa kuwa chembe za chuma hubaki zimejikita ndani ya alumini na kuanza kuila. Suuza kwa maji ya mvua ikiwa unayo. Maji ya visima vingi vya mjini Lamu yana chumvichumvi, na kuosha tangi kwa maji hayo kabla ya kupaka rangi ni kuifungia chumvi ndani. Mwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, nyumbani ana bahati.

Tangi likikauka, paka praima siku hiyo hiyo, ndani ya saa nne, kabla utando wa oksidi haujawa mnene ukaizuia rangi kushika. Fuata kwa mikono miwili ya rangi ya epoksi, ukizingatia muda ulioandikwa kwenye mkebe. Anza kazi umande ukishakauka na umalize mapema alasiri, kwa maana unyevu wa jioni hapa kwetu huifanya epoksi itoe utelezi juu yake. Miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi kavu, ndiyo bora.

Uso mzuri wa epoksi hauna vitobo wala michirizi, na ukucha hauachi alama. Pembe na mishono ya chini ipakwe mkono mmoja wa ziada kwa brashi, kwa kuwa hutaiona tena kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Kutengeneza kitako

Kitako kiwe juu ya kiwango ambacho maji ya ngama hufikia boti inapokwenda. Maji hayo yapime boti ikiwa majini na abiria wamekaa, maana nchi kavu utakadiria vibaya. Kama boti ni ya faiba, tengeneza kitako kwa plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote, pamoja na kingo zilizokatwa. Kama ni ya mbao, kitako kikae juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, bila kuziba vijia vya maji chini yake. Kiwe na mwinamo kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, ili kila tone litakaloanguka lipate njia ya kutoka.

Katika vyombo vya mbao kuna hatari ambayo sijaiona ikielezwa. Chokaa huila alumini hata pasipo bahari, kwa kuwa alumini haivumilii kitu chenye ukali wa magadi. Kwa hiyo deheni (mafuta mazito ya kupaka vyombo vya mbao) yenye chokaa, saruji iliyomiminwa ngamani kuziba upenyo, na vumbi la chokaa lililoingia wakati boti iko karibu na jengo linalojengwa, vyote viondolewe na mahali pasafishwe kabla tangi halijaingia. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zisitumike kwa kitako. Hata kipande cha waya wa shaba kilichodondoka wakati wa kufunga taa, kikilala juu ya tangi katika maji ya chumvi, hutoboa shimo. Pitisha mkono ngamani, kisha upitishe tena.

Hatua ya 5: Mikanda ya kulalia tangi

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Tangi lisilale bapa juu ya kitako. Linatakiwa kuinuliwa juu ya mikanda ya plastiki ngumu, iliyoachana kwa sentimita 30 hivi, ili hewa ipite chini yake na maji yasipate pa kusimama. Elekeza mikanda upande ambao maji yanatiririkia. Mkanda uliokingama hugeuka bwawa dogo.

Mkanda wenyewe hugandishwa kwenye tangi, wala haupigiliwi msumari kwenye kitako. Kwaruza plastiki na rangi ya tangi kidogo kwa msasa, futa kwa kitambaa chenye thina, paka gundi ya poliyurethani uso wote wa mkanda, kisha kandamiza mpaka gundi ijitokeze kingo zote mbili. Lainisha gundi hiyo iliyojitokeza kwa kidole iwe mteremko mdogo. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba nafasi yoyote iliyobaki baina ya mkanda na alumini itanyonya maji, hata ikiwa nyembamba kama karatasi, na hapo mkanda wako utafanya kazi ile ile ya zulia. Nimewahi kutoa tangi lililokuwa na mikanda mizuri kabisa, lakini gundi ilitiwa vidoto vidoto, na baina ya kidoto na kidoto palikuwa na mstari wa vishimo kana kwamba umechorwa.

Mpira wa tyubu usitumike, ingawa ni rahisi kupatikana na unaonekana laini. Mpira mweusi una masizi ya kaboni, na kaboni ikilowa chumvi hufanya dhidi ya alumini kazi ile ile inayofanywa na shaba. Sponji, ngozi, mkeka, mbao tupu na povu la kujazia vyote hushika maji. Wako wanaolizungushia tangi povu lote ili lisitikisike. Povu likiachana na bati kwa unene wa unywele tu, maji huingia na hayatoki tena.

Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni siku kadhaa. Ukiwa umefanya sawasawa, ncha ya kisu haitapata pa kuingia mahali popote chini ya mkanda.

Hatua ya 6: Kuliweka na kulifunga

Liingize tangi kwa watu wawili au zaidi bila kulikokota, kwa sababu mkwaruzo wa chini hutaweza kuurekebisha. Acha nafasi ya milimita 12 au zaidi kila ubavu. Lizuie pande nne kwa vizuizi vilivyofungwa kwenye boti, vyenye mkanda wa plastiki uliogandishwa mahali vinapogusa, kisha lifunge kwa mishipi miwili ya stenlesi yenye plastiki chini yake. Usitoboe bati la tangi kwa ajili ya skrubu yoyote.

Sukuma kwa mguu, kwa nguvu zako zote. Tangi lisisogee hata kidogo. Likisogea nchi kavu, mawimbi ya mlango wa Shela yatalisogeza zaidi, na hosi ndizo zitakazovutwa.

Hatua ya 7: Hosi na njia ya hewa

Hosi ya kujazia iteremke mfululizo kutoka sitahani hadi tangini bila kubonyea popote. Weka klipu mbili kila ncha. Mdomo wa kujazia uwe mahali ambapo mafuta yakimwagika hayaingii ndani ya boti.

Hosi ya kupumulia ipande mpaka juu kadiri inavyowezekana, ipinde, kisha itokee ubavuni mahali pasipofikiwa na maji boti inapolala upande mmoja. Ikibonyea katikati, petroli hukaa kwenye bonde hilo, tangi hukosa pumzi, na injini huzima ukiwa mbali. Maji mengi yanayokutwa ndani ya petroli hapa Lamu huingia kwa njia hii au kwa kizibo chenye mpira uliochakaa.

Vali ya kuzuia mafuta yasijivute ifungwe hapo hapo tangini. Bila vali hiyo, hosi ikikatika chini ya kimo cha mafuta, petroli itajivuta yenyewe mpaka iishe. Kichujio kiwekwe unapokifikia bila kufungua sitaha, la sivyo hutakisafisha.

Hatua ya 8: Waya wa ardhi

Petroli ikimiminwa huzalisha umeme tuli, na cheche yake inatosha kuwasha mvuke. Unganisha mdomo wa kujazia, ikiwa ni wa metali, na tangi, kisha vyote na ardhi ya boti. Kichwa cha waya kiwe kimepakwa bati, kifungwe kwa bolti ya stenlesi kwenye sikio la tangi, kisha kipakwe grisi. Upinzani baina ya mdomo na ardhi usizidi omu 100. Waya uliofungwa vizuri huonyesha chini ya omu 1. Usipitishe kwenye tangi umeme wa pampu au taa, kwa kuwa umeme unaopotea hula alumini kwa kasi kuliko chumvi.

Wengi wetu hujaza kwa mtungi wa plastiki. Tumia faneli ya metali inayogusa mdomo wa tangi muda wote, na umimine taratibu.

Hatua ya 9: Kujaza kwa mara ya kwanza

Tia lita 20, subiri saa moja, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungio. Endelea hadi asilimia 95 na usizidishe. Petroli hutanuka kwa joto: lita 100 zikipashwa kwa nyuzi 20 huongezeka karibu lita 2, nazo hutafuta njia ya kutokea.

Iache boti usiku kucha ikiwa imefungwa. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi yoyote, funua sitaha na unuse ngamani. Ukisikia harufu, hata hafifu, kuna kiungio kinachovuja, na boti isiondoke mpaka kipatikane.

Ukaguzi wa kila msimu

Sitaha juu ya tangi ifungwe kwa skrubu, isigandishwe, ili ifunguke. Kusi ikiisha na kaskazi ikiisha, ifungue, usuuze tangi kwa maji matamu, uliache likauke kwa upepo siku nzima, kisha upitishe kioo kidogo na tochi chini yake. Chota mafuta ya chini kwa pampu ya mkono kwenye chupa angavu na uyaache yatulie. Maji yatajitenga chini, na yakionekana, kagua kizibo na hosi ya kupumulia.

Lengelenge la rangi lipasue usione vibaya. Kama chini yake ni kijishimo cha juu juu, sugua, suuza, kausha na upake epoksi upya. Kama ncha ya bisibisi inazama, au unga mweupe unatoka tena baada ya kufutwa, litoe tangi boti ingali ufukweni, hata kama bado halijavuja tone.